Skuta Kubwa au Pikipiki: Tofauti Inaanzia Gurudumu la Nyuma

Skuta na pikipiki hutofautiana kwanza kwenye gurudumu la nyuma. Katika pikipiki ya kawaida injini imefungwa katikati ya fremu, kati ya magoti ya mwendeshaji, na nguvu yake hufika nyuma kwa mnyororo. Katika skuta nyingi, injini, mkanda na gurudumu la nyuma huwa mzigo mmoja ulioning'inizwa chini ya kiti, na vyote hupanda na kushuka pamoja kila tairi linapokutana na tuta. Mpangilio huo ndio uliozaa karibu kila jambo jingine linalozitenganisha: mahali pa kuweka mzigo, ukubwa wa magurudumu, namna ya kukaa, kazi ya mikono na miguu, hata bili ya fundi. Mnunuzi anayeyumba kati ya pikipiki na ile skuta kubwa ambayo wauzaji huiita maksi huuliza kwanza cc ngapi na inakimbia kiasi gani. Angefaidika zaidi kwa kuinama na kutazama nyuma.

Mpangilio huo wa skuta ulipata umaarufu nchini Italia. Mwaka 1946 kampuni ya Piaggio ilitoa Vespa, kazi ya Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki. Aliona mnyororo unachafua suruali na tairi halibadilishiki kwa urahisi njiani, kwa hiyo akaisogeza injini ya cc 98 hadi kwenye gurudumu la nyuma, akaifunika kwa bati, akaacha sakafu tambarare mbele ya kiti. Chombo kilienea kiasi kwamba Zanzibar na pwani kwa jumla watu wengi huita skuta yoyote vespa, kama vile pikipiki ya magurudumu matatu ilivyopata jina la bajaji. Majina hayo mawili yana undugu: kampuni ya Bajaj ya India ilianza kuunda vyombo vyake kwa leseni ya Piaggio, karibu na mwaka 1960.

Skuta kubwa zilikuja baadaye. Honda CN250 ya mwaka 1986, ndefu na yenye kiti cha chini kama cha sebuleni, huhesabiwa kuwa ya kwanza. Suzuki ikafuata na Burgman mwaka 1998, na Yamaha ikaleta TMAX ya cc 499 mwaka 2001. Soko lao la asili ni miji kama Roma, Milano, Paris na Barcelona. Huko mfanyakazi huishi kilomita 20 au 30 nje ya mji, hupita barabara kuu ambako skuta ndogo huyumbishwa na upepo wa malori, kisha huingia katikati ya mji pasipo na nafasi ya kuegesha gari. Skuta kubwa ilitengenezwa kwa ajili ya safari hiyo, na mtu akilikumbuka hilo mengi kuihusu hujieleza yenyewe.

Pikipiki ya kawaida ina gia tano au sita. Mwendeshaji hubana klachi kwa mkono wa kushoto, hubadili gia kwa mguu wa kushoto, huvuta breki ya mbele kwa mkono wa kulia na kukanyaga ya nyuma kwa mguu wa kulia. Kwenye skuta za kisasa miguu haina kazi. Breki zote mbili ziko mikononi, kama za baiskeli, na gia za kubadili hakuna. Badala yake kuna puli mbili zilizounganishwa na mkanda mpana wa mpira. Puli ya mbele ni sahani mbili zinazotazamana, na nyuma ya sahani moja zimepangwa rola ndogo nzito. Injini ikizunguka kwa kasi, rola hurushwa nje na kuisukuma sahani hiyo imkaribie mwenzake. Mkanda hubanwa, ukapanda kuelekea ukingoni. Nyuma, puli ya pili hulazimika kufunguka na mkanda ukazama ndani yake. Matokeo ni yale yale ya kupandisha gia, ila hapa hakuna ngazi za kukanyaga, ni mteremko mmoja laini. Mwisho wa safari hiyo kuna klachi inayojishika yenyewe injini ikiongeza mzunguko, na kujiachia ikipungua.

Faida yake huonekana kwenye foleni. Aliyekwama saa nzima katika msongamano wa kwenda na kusimama hubana klachi ya pikipiki mamia ya mara, na kiganja chake kinajua. Mwenye skuta hufungua mafuta, hufunga mafuta, basi.

Hasara huja mahali ambapo wengi hawakuitarajia. Mwendo wa taratibu sana, kama wa kugeuza mahali pembamba, mwenye pikipiki huumudu kwa kuachia klachi nusu. Kwenye skuta klachi haiko mkononi mwake, hivyo hushika au huachia kwa wakati wake yenyewe. Inabidi kujifunza kushikilia breki ya nyuma kidogo huku mafuta yamefunguliwa. Mteremko mrefu ni jambo zito zaidi. Kwenye mlima kama Kitonga, mkoani Iringa, mwenye pikipiki hushusha gia na injini ikamshikilia. Skuta hushikiliwa na injini kwa kiasi, lakini mwendo ukipungua hadi klachi ikajiachia, chombo hubaki kikiserereka na kazi yote huangukia breki, ambazo hupata moto. Halafu kuna betri. Pikipiki yenye betri dhaifu mara nyingi huamka ikisukumwa na kutiwa gia ya pili. Skuta kubwa haiamki kwa kusukumwa hata na mtaa mzima, kwa sababu klachi haishiki mpaka injini iwe tayari inazunguka.

Injini ikikaa nyuma na chini, nafasi hubaki chini ya kiti. Honda Forza 350 humeza helmeti mbili zinazofunika uso wote. Burgman 400 ina lita 42, nafasi ya kutosha manunuzi ya wiki kwa mtu mmoja. Mwenye pikipiki hupata mzigo wake kwa kununua boksi la nyuma au mikoba ya pembeni, na hata hivyo helmeti yake mara nyingi huzunguka naye mkononi sokoni. Kioo cha mbele na mabodi mapana ya skuta hukinga upepo, vumbi na sehemu kubwa ya mvua ya masika, na viatu hubaki visafi kuliko kwenye pikipiki iliyo wazi. Abiria hukaa kwenye kiti kipana chenye pa kuweka miguu bila kukunja magoti sana.

Jambo moja wauzaji hulipitia haraka. Vespa ndogo ina sakafu tambarare, na ndiyo maana mwanamke aliyevaa buibui au mzee asiyeweza kuinua mguu huipanda bila shida. Skuta nyingi kubwa hazina sakafu hiyo. Katikati yake kuna mgongo mnene unaoficha fremu, na mara nyingi tanki la mafuta, kwa hiyo mguu lazima uinuliwe, ingawa si juu kama kwenye pikipiki. Anayeinunua kwa sababu ya urahisi wa kupanda aipande kwanza akiwa amevaa nguo zake za kila siku.

Kwenye barabara mbovu hukumu huwa rahisi zaidi kutoa. Pikipiki ina magurudumu ya inchi 17 hadi 19, za njia za porini hata 21 mbele. Skuta ndogo zina 10 au 12, na kubwa nyingi zina 13 hadi 15. Shimo ambalo tairi la inchi 19 hulivuka kwa kuligusa kingo, la inchi 13 huingia ndani yake. Uzito wa injini unaongeza tatizo: gurudumu la nyuma linaloruka pamoja na injini yake ni zito kwa shokapu kulirudisha chini haraka, na pigo lote hupanda kwenye kiuno cha aliyekaa. Kwenye pikipiki mtu hubana tanki kwa magoti, husimama kwenye vikanyagio na kuacha chombo kicheze chini yake. Kwenye skuta amekaa kama kwenye kiti cha ofisini, miguu mbele, na uti wa mgongo ndio shokapu ya mwisho. Ongeza hapo kimo cha tumbo la chombo: TMAX iko karibu sentimita 12.5 kutoka ardhini, wakati Honda CB500X ina 18 hivi. Matuta ya mitaani, yale yanayojengwa na wananchi wenyewe bila kipimo, hayasamehi sentimita 12.5. Mtu ambaye kilomita ya mwisho kabla ya nyumbani kwake ni korongo hana haja ya kuendelea kulinganisha.

TMAX na CB500X zinafaa kuwekwa pamoja kwa sababu nyingine pia. Zote mbili, katika matoleo ya karibuni, hutoa kilowati 35, yaani nguvu za farasi 47, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na leseni ya daraja la A2 barani Ulaya. Nguvu ni ile ile, lakini skuta ina uzito wa kilo 220 hivi na pikipiki iko chini ya 200. Kwa takwimu za watengenezaji wenyewe, TMAX hutumia lita 4.8 kwa kilomita 100 na CB500X lita 3.6, kwa sehemu kwa sababu mkanda hupoteza nguvu zaidi kuliko mnyororo. Na bei ya TMAX huko Ulaya imekuwa zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya Honda. Anayedhani skuta ni chaguo la mwenye kipato kidogo anafikiria vespa ndogo. Maksi ni anasa iliyovaa nguo za kazi.

Lakini TMAX ina siri yake. Yamaha iliitoa injini kwenye gurudumu la nyuma na kuifunga kwenye fremu, kama pikipiki. Ndiyo sababu inasifiwa kwa kukata kona kuliko skuta nyingine, na ndiyo sababu pia nafasi yake chini ya kiti ni ndogo kuliko ya Burgman 400. Kilichopatikana upande mmoja kimelipwa upande wa pili.

Kwa fundi, mnyororo hudai matunzo ya mara kwa mara: kusafishwa, kupakwa mafuta, kukazwa. Lakini huonya kabla ya kufa, kwa kulegea na kupiga kelele, na fundi wa chini ya mwembe huumudu kwa spana mbili. Mkanda wa skuta haudai chochote kwa maelfu ya kilomita, kisha hutakiwa kubadilishwa, mara nyingi karibu na kilomita 20,000, pamoja na rola zilizolika. Ukipuuzwa ukakatika, safari imeisha hapo hapo. Kuifikia plagi tu kunaweza kudai kufungua mabodi kadhaa, na kila bodi lina vibanio vya plastiki vinavyovunjika mikononi mwa mwenye haraka. Chombo kikianguka kikiwa kimesimama, pikipiki hupinda kishikio. Skuta hupasuka bodi, na bodi la skuta isiyo ya kawaida nchini huagizwa nje. Tairi nazo zina hesabu yake. Inchi 17 na 18, zinazovaliwa na pikipiki za bodaboda, zipo kila duka la spea Afrika Mashariki. Tairi pana la skuta la inchi 13 au 15 huenda likatafutwa mji mzima.

Kwa anayeishi Ulaya, leseni nayo ina neno lake. Atakayefanya mtihani kwa chombo cha otomatiki huwekewa alama ya kumzuia kuendesha chenye klachi. Kwa hiyo aliyejifunza kwa skuta hana ruhusa ya pikipiki ya gia, wakati aliyejifunza kwa pikipiki huendesha zote.

Mpaka kati ya vyombo hivi viwili haukuwahi kuwa ukuta. Honda Super Cub, iliyoanza mwaka 1958 na kupita idadi ya milioni 100 mwaka 2017, ina nafasi ya kupitisha mguu kama skuta, magurudumu ya inchi 17 kama pikipiki, mnyororo, na gia zisizohitaji kubana klachi. Mwaka 2012 Honda hiyo hiyo ilitoa NC700X, pikipiki kamili yenye sanduku la lita 21 mahali pa tanki na otomatiki kwa anayeitaka, na mwaka 2017 ikaleta X-ADV, skuta yenye injini ya cc 745, gia halisi zinazojibadili zenyewe na gurudumu la mbele la inchi 17. Mwenye kusita ataona kuwa nusu ya mashaka yake yamekwisha kujibiwa kiwandani, ingawa si kwa bei ndogo.

Kwa vyombo vilivyotumika, ukaguzi hutofautiana. Kwenye pikipiki, mnyororo huvutwa kwa kidole kutoka nyuma kabisa ya sproketi kubwa: ukinyanyuka hadi nusu ya jino ikaonekana, seti nzima imekwisha. Meno yaliyopinda kama ndoana husema hivyo hivyo. Kwenye skuta hakuna cha kuvuta. Kinachosikilizwa ni mtetemo wakati wa kuondoka, dalili ya klachi iliyolika, na injini inayopandisha mlio bila mwendo kuongezeka, dalili ya mkanda unaoteleza. Baada ya hapo injini izimwe, na mnunuzi akisukume chombo kinyumenyume, peke yake, kwenye mwinuko mdogo, kwa sababu ndivyo atakavyokitoa mahali pa maegesho kila asubuhi.