Lenzi ya Zumu Ikikwama

Lenzi ya zumu, yaani ile inayoweza kuvuta picha karibu au kuisogeza mbali, ikikwama watu hudhani ni ya kutupwa. La hasha! Hata anayeanza anaweza kuifungua. (Nasema ile inayochomoka. Kamera ndogo yenye taa ya kumulika usiiguse ndani. Kapasita yake huweza kushika volti 300 hivi hata betri ikitolewa.)

Mara nyingi mwenye makosa ni mchanga. Ukizungusha pete, makundi ya vioo husogeleana au huachana, na chembe chache tu zatosha kuyazuia.

Bisibisi iingie barabara. Ikiteleza, kichwa cha skrubu kitalika na hutaitoa tena.

Lakini kazi yenyewe iko kwenye pete ya kulenga. Mara nyingi hesi zake zina milango mingi ya kuingilia, si mmoja. Kwa hivyo izungushe pole pole, na pale pale inapoachia, tia alama kwa sindano sehemu zote mbili. Ukirudisha kwa mlango mwingine, kila kitu kitafunga vizuri, utafurahi, kisha utalenga mlima wa mbali na picha itakuwa ukungu mtupu!

Mchanga upanguse kwa brashi laini. Na mafuta ya kupikia, jamani, hapana. Hutambaa hadi kwenye visahani vyembamba vinavyopunguza mwanga. Navyo vikinata, picha za mchana zitatoka nyeupe pe.