Presha ya macho: namba moja haitoshi

Mtu anaweza kupimwa presha ya macho, akaambiwa ana 18, akarudi nyumbani ameridhika, na bado jicho lake likawa linapofuka polepole. Mwingine hupimwa ikasomeka 24, akaanzishiwa dawa za maisha ambazo pengine hakuzihitaji. Yote mawili hutokea, na chanzo ni kimoja: kukichukua kipimo kana kwamba ndicho ugonjwa. Glakoma, ambayo wengi wetu tunaiita presha ya macho, ni ugonjwa wa mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Presha ikizidi uwezo wa mshipa huo, huuumiza, na kuishusha ndiyo tiba tuliyo nayo. Lakini madhara yenyewe yako kwenye mshipa, na huko ndiko tunakopaswa kuangalia.

Katika vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma, watafiti waliwapima watu zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba kama wanne kati ya kila mia walikuwa na glakoma. Aina iliyo ya kawaida zaidi kwetu haiumi wala haileti wekundu. Huanza kula uoni wa pembeni, na kwa kuwa jicho moja huziba pengo la mwenzake, mtu huendelea kusoma, kushona na kuendesha bodaboda bila kujua kinachoendelea. Kilichopotea hakirudi. Hapo ndipo wagonjwa wengi wanapovunjika moyo, kwa sababu wamemwona jirani aliyeondolewa mtoto wa jicho akitoka chumba cha upasuaji anaona, nao wanatarajia hivyo hivyo. Kwa glakoma tunalinda kilichobaki.

Ndani ya jicho, mbele ya lenzi, kuna maji yanayotengenezwa usiku na mchana. Hutoka kupitia wavu mdogo sana ulio kwenye kona, pale konea (kile kioo cha mbele ya jicho) inapokutana na sehemu yenye rangi. Wavu ukishindwa kupitisha maji kwa kasi inayotakiwa, presha hupanda. Haina uhusiano wa moja kwa moja na presha ya damu, na dawa za ile haziitibu hii. Kwa kawaida tunasema presha ya jicho ni kati ya 10 na 21, kwa milimita za zebaki, ila mpaka huo ni wa takwimu tu. Wapo wanaoumia wakiwa na 16, na wapo wanaozeeka salama wakiwa na 23.

Kifaa kinachoaminika zaidi cha kuipima kilitoka kwa Hans Goldmann, daktari wa macho aliyefanya kazi Bern, Uswisi, katikati ya miaka ya 1950. Unaketi mbele ya darubini ya mezani, unaweka kidevu na paji la uso mahali pake, unadondoshewa ganzi na rangi ya manjano. Kisha ncha ndogo yenye mwanga wa bluu inagusa konea na kuibonyeza taratibu hadi ibaki bapa kwenye duara la kipenyo cha milimita 3.06. Kipenyo hicho hakikuchaguliwa ovyo. Machozi huivuta ncha kuelekea jichoni, na ugumu wa konea huisukuma nje. Kwenye 3.06 nguvu hizo mbili zinakaribia kufutana, na kinachobaki ni presha yenyewe. Tena hesabu inakuwa nyepesi: kila gramu moja ya nguvu ni sawa na milimita 10 za zebaki. Ni kazi ya akili nzuri mno, na nadhani mgonjwa anastahili kuijua anapoombwa asipepese.

Ila hesabu ya Goldmann inachukulia kwamba konea ina unene wa karibu nusu milimita. Konea ikiwa nyembamba, kifaa husoma chini ya ukweli. Ikiwa nene, husoma juu. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao OHTS, washiriki wenye asili ya Afrika walionekana kuwa na konea nyembamba zaidi kwa wastani, na mwaka 2002 utafiti huohuo ulionyesha kwamba mwenye presha ya juu na konea nyembamba yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata glakoma. Kwa hiyo 18 ya mtu mmoja si 18 ya mwingine. Kupima unene wa konea ni jambo la dakika chache, na halihitaji kurudiwa kila mwezi. Kama umeambiwa una dalili za glakoma na hujawahi kupimwa unene huo, uliza.

Presha pia haitulii. Hubadilika kwa saa, na kwa wengi huwa juu usiku wakiwa wamelala au alfajiri, wakati kliniki zimefungwa. Tai au mtandio uliokaza shingoni, kubana pumzi, kukaza kope kwa woga, vyote vinaweza kuongeza namba. Ndiyo maana mhudumu mzuri humwambia mgonjwa, "Legeza kidogo shingoni, mama, upumue kawaida," na ndiyo maana kipimo cha mara moja hakipaswi kuamua maisha ya mtu.

Vipo vifaa vingine. Kile cha chuma cha Hjalmar Schiøtz wa Norway, cha mwaka 1905, hutumika mgonjwa akiwa amelala chali, na mshale ukipanda sana maana yake presha iko chini, jambo linalomchanganya asiyekizoea. Kuna cha kupuliza hewa, na kuna cha mkononi kutoka Finland chenye sindano butu inayogusa na kurudi upesi kiasi kwamba ganzi haihitajiki. Hiki cha mwisho kimesaidia sana kwa watoto, na lipo toleo ambalo mgonjwa hujipimia nyumbani.

Baada ya hapo ni kuutazama mshipa. Daktari akiwa na lenzi mkononi na mboni iliyopanuliwa kwa dawa, huona pale mshipa unapoingilia jichoni, duara lenye upana wa karibu milimita moja na nusu ambamo hupita nyuzi zipatazo milioni moja. Katikati kuna shimo tunaloliita kikombe. Nyuzi zikifa, kikombe hupanuka. Kikichukua sehemu saba kati ya kumi za upana wa duara, au cha jicho moja kikiwa kikubwa waziwazi kuliko cha jingine, tunashtuka hata presha ikiwa 15. Nalisema hili kwa uzito: mtu aliyepimwa presha bila kutazamwa mshipa bado hajapimwa glakoma.

Kipimo cha uwanda wa kuona ndicho wagonjwa wanachokichukia. Jicho moja limezibwa, jingine linakodolea nukta ya katikati, vitaa hafifu vinawaka huku na huko, nawe unabonyeza kitufe kila unapokiona kimoja. Wengi hutoka wamenyongea wakidhani wamefeli. Mashine hutafuta mwanga mdogo kabisa unaoweza kuuona, hivyo hata mwenye macho mazima hukosa karibu nusu ya vitaa. Kipimo cha kwanza mara nyingi hakitoi picha kamili kwa sababu mtu anajifunza, na kurudia si ishara ya kwamba hali imekuwa mbaya.

Mashine ya OCT, iliyotangazwa na watafiti wa Boston mwaka 1991, hupima kwa mwanga unene wa tabaka la nyuzi za mshipa kwa maikroni na kuchapa picha yenye rangi ya kijani, njano na nyekundu. Ni msaada mkubwa ugonjwa ukiwa mchanga. Ukishakomaa, tabaka hufikia kiwango ambacho haliwezi kupungua zaidi machoni pa mashine, ingawa mgonjwa anaendelea kupoteza uoni. Hapo tunarudi kwenye vitaa na kitufe. Nyekundu kwenye karatasi nayo si hukumu, maana mwenye jicho refu asiyeona mbali anaweza kuipata bila ugonjwa.

Tiba ya kawaida ni matone, kila siku, maisha yote. Timolol, iliyo ya bei nafuu, ni hatari kwa mwenye pumu, na hilo lazima lisemwe kabla ya kuandikiwa. Matone huisha, nauli hukosekana, na kwa kuwa hakuna maumivu, mtu huacha. Kwa sababu hiyo utafiti uliofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021 unanipa matumaini makubwa. Wagonjwa 201 wa glakoma yenye presha ya juu waligawanywa: kundi moja lilipewa timolol mara mbili kwa siku, jingine likapigwa leza iitwayo SLT. Baada ya mwaka, tiba ilifanikiwa katika asilimia 61 ya macho ya leza, dhidi ya asilimia 31 ya yale ya matone.

Leza hiyo hupiga kwenye wavu wa kutolea maji mipigo ipatayo mia, kila mmoja ukidumu sehemu chache za bilioni ya sekunde, na hulenga seli zenye rangi pekee, hivyo jirani zake hazichomwi. Mwili huzisafisha seli hizo na maji hupita vizuri zaidi. Mgonjwa hukaa dakika chache tu na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Uingereza nako, utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya walioanza na leza hiyo hawakuhitaji matone kwa miaka mitatu. Nguvu yake hupungua kadiri muda unavyopita, na inaweza kurudiwa. Asiyefaulu kwa leza ana matone na upasuaji, na aliyefaulu bado anahitaji kurudi kupimwa: presha baada ya wiki chache, kisha mshipa na uwanda wa kuona kwa vipindi atakavyopangiwa. Tena asije peke yake. Ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake waliokwisha kuwa watu wazima wana hatari kubwa kuliko watu wengine, na kwao ndiko tunakoweza kuukuta ugonjwa huu kabla haujaanza kula.