Kiwanja cha Trapeza: Pima Kimo, Usipime Ubavu

Mnunuzi ameshika ncha moja ya futikamba, muuzaji ameshika nyingine. Upande wa barabarani una mita 20, wa nyuma mita 32. Pande hizo mbili ni sambamba. Ubavu wa kushoto una mita 16, wa kulia 20. Papo hapo wanatafuta wastani: mbele na nyuma ni 26, kushoto na kulia ni 18. Wanazidisha, wanapata mita za mraba 468, na bei inakubaliwa. Kumbe kiwanja kina mita za mraba 416 tu. Mnunuzi amelipia mita za mraba 52 zisizokuwepo, zaidi ya vyumba vinne vya mita 3 kwa 4.

Hesabu hii ya wastani ni ya kale. Maandishi yaliyochongwa katika hekalu la Edfu, Misri, yanaonyesha mashamba yaliyokadiriwa hivyohivyo. Kwa mstatili jibu huwa sahihi. Kwa pembenne nyingine yoyote, eneo huongezeka kuliko lilivyo.

Umbo la kiwanja chetu huitwa trapeza: pembenne yenye pande mbili sambamba na mbavu mbili zisizo sambamba. Kosa limetokana na ubavu wa kulia. Umelala, na ubavu uliolala siku zote ni mrefu kuliko kimo, yaani umbali ulionyooka wima kati ya pande sambamba. Ubavu wa kushoto umesimama pembe mraba, kwa hiyo kimo ni mita zake 16.

Pembe nazo zinasema jambo hilohilo. Katika kila ubavu wa trapeza, pembe mbili za ncha zake hujumlika kuwa nyuzi 180. Kushoto tuna 90 na 90. Kulia, pembe ya nyuma ni kama nyuzi 53, ya mbele kama 127. Zote nne hufanya 360. Kadiri pembe zinavyoachana na 90, ndivyo ubavu unavyozidi kulala, na ndivyo anayeufanya kimo anavyozidi kupotea.

Eneo je? Kata trapeza mbili za karatasi zinazolingana, ugeuze moja juu chini, uziunganishe ubavu kwa ubavu. Utapata msambamba wenye kitako cha 20 jumlisha 32, yaani 52, na kimo kilekile cha 16. Eneo lake ni 832. Nusu yake, 416, ndiyo trapeza moja. Kanuni basi ni hii: jumlisha pande sambamba, zidisha kwa kimo, gawa kwa mbili. Hakikisha kwa njia nyingine: mstatili wa 20 kwa 16 ni 320, pembetatu iliyobaki yenye kitako 12 na kimo 16 ni 96. Jumla 416.

Uwanjani, tumia kamba ya mafundi, ile ya pembetatu yenye pande 3, 4 na 5, kupata pembe mraba kutoka upande wa mbele, kisha vuta futikamba moja kwa moja hadi nyuma. Rudia mahali pengine. Vipimo viwili vikilingana, pande ni sambamba na kimo umekipata. Vikitofautiana, pande hizo si sambamba. Kigawe kiwanja kuwa pembetatu mbili, pima kila moja na kimo chake, ndipo mzungumzie bei.