Shilingi Moja ya Shimo, Shilingi 178 za Moshi

Mfuko wa saruji una kilo 50. Hamali anauinua begani, anautua kwenye mkokoteni, vumbi la kijivu linamganda kwenye kope, na safari ya kwenda kwenye msingi wa nyumba ya mtu inaanza. Karatasi ya mfuko imechapishwa tarakimu mbili: 50, ambayo ni uzito, na 32.5, ambayo ni nguvu ya saruji ikishakauka. Mambo mengine yote yaliyotokea kabla mfuko haujafika dukani hayakuandikwa. Tuurudishe kinyumenyume hadi machimboni tuyahesabu, maana humo ndimo lilimo jibu la swali linaloulizwa kila kampuni kongwe inapotoa kitabu chake cha mwaka chenye picha za miti na madawati: inadaiwa kiasi gani, na imelipa kiasi gani?

Mahali pazuri pa kuuliza hilo ni Bamburi, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, kando ya barabara ya Malindi. Kampuni ya saruji ya hapo iliundwa mwaka 1951, na kiwanda kikaanza kazi 1954 kikiwa na uwezo wa kutoa tani 140,000 kwa mwaka. Jirani yake kuna Haller Park, msitu ambamo watoto wa shule hupelekwa kuona twiga, viboko na kobe wakubwa. Ndimo alimolelewa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamng'ang'ania kobe mzee aitwaye Mzee kana kwamba ni mamake. Picha zao zilizunguka dunia. Wengi waliozitazama hawakujua kwamba wanyama wale walikuwa wamesimama chini ya shimo la kuchimbia mawe.

Shimo

Saruji ya Pwani hutoka kwenye matumbawe ya kale, mwamba uliojengwa na viumbe wa bahari enzi ambazo maji yalifika juu zaidi ya ufuo wa leo. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Baruti na matingatinga hulikata upesi zaidi. Kufikia 1971 yalikuwa yamebaki mashimo mapana, sakafu yake nyeupe ikirudisha jua machoni, udongo hakuna, na maji yaliyo karibu chini yake yana chumvi.

Kampuni ilimkabidhi kazi René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa ameajiriwa hapo tangu 1959. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizonusurika ni 3: mnazi, mti mmoja wa nchi kavu za Pembe ya Afrika, na mvinje, ule mti wa majani membamba kama sindano unaovuma upepo wa bahari ukipita. Mvinje una siri mizizini: hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni hewani, hivyo unaweza kuanza maisha penye jiwe tupu.

Kikatokea kikwazo kingine. Sindano za mvinje zilianguka zikarundikana bila kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo. Dawa yake ilikuwa jongoo. Haller aligundua kwamba jongoo wekundu wa Pwani wanazila sindano hizo kavu, akaagiza wakusanywe na kuletwa kwa mamia. Walikula, wakatoa mbolea, bakteria wakaendelea na kazi, na sakafu ya jiwe ikaanza kuvaa udongo mweusi. Baadaye yakaja mabwawa ya samaki, mamba, pofu na choroa. Umma ulifunguliwa milango 1984, kwa kiingilio cha kulipia. Haller akaorodheshwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa miongoni mwa watu 500 wa heshima mwaka 1987.

Sheria ya Kenya ya usimamizi wa mazingira ilipitishwa 1999. Miti ya kwanza ya Bamburi iliitangulia kwa miaka 28. Hiyo ni sifa ya kweli, na hakuna hesabu itakayofuata hapa inayoifuta.

Sasa tuipigie bei. Tuchukue kiwanda cha mfano kinachotoa tani milioni 1 za saruji kwa mwaka, yaani mifuko milioni 20. Saruji ya 32.5 haiwi klinka tupu, zile gololi ngumu zinazotoka kwenye tanuri; huchanganywa na mawe ya volkano yaliyosagwa. Tukadirie klinka ni asilimia 65, ambayo ni kilo 32.5 katika kila mfuko. Tani moja ya klinka hula karibu tani moja na nusu ya malighafi, basi kila mfuko umekula kilo 49 za mwamba. Kwa maneno mengine, hamali anapobeba mfuko begani, shimo limepungukiwa na karibu uzito ule ule alioubeba.

Kwa mwaka mzima ni tani 975,000. Tukiweka tani 2 kwa kila mita ya ujazo, na machimbo yenye kina cha mita 10, kiwanda kinafungua takriban hekta 4.9, sawa na viwanja saba hivi vya mpira.

Je, kupanda msitu juu ya hekta 4.9 ni gharama kubwa? Tukimtoza mnunuzi shilingi 1 ya Kenya kwa kila mfuko, zinapatikana shilingi milioni 20 kwa mwaka, zaidi ya milioni 4 kwa kila hekta. Kwa fedha hizo utanunua miche, utalipa vibarua, utaleta udongo kwa lori, na za kuwalipa wakusanya jongoo zitabaki. Shilingi 1 haimpotezei mteja, wala mwenye duka hahangaiki kuitafutia chenji.

Ikiwa ni rahisi hivyo, mbona pembezoni mwa miji yetu yamejaa machimbo yaliyotelekezwa, yanayogeuka madimbwi ya mbu kila masika? Jibu lipo katika hesabu za muda. Mhasibu akiambiwa kwamba shimo litafukiwa miaka 30 ijayo kwa shilingi milioni 1, na riba ni asilimia 10, kwenye vitabu vya leo deni hilo linasinyaa hadi shilingi 57,309. Likiahirishwa linaonekana dogo, na likiwa dogo linaahirishwa tena, mpaka siku kampuni inafunga na funguo anabaki nazo mlinzi. Bamburi iliepuka mtego huo kwa kuanza kupanda wakati kiwanda bado kinazalisha na mshahara wa bwana miti unatoka kwenye mauzo ya mwezi ule ule.

Moshi

Deni la pili halina kingo za kusimamia ukalichungulia. Jiwe la chokaa likipikwa hugawanyika: katika kila kilo 100, kilo 56 hubaki kuwa chokaa na kilo 44 huruka kama hewa ya ukaa. Hapo bado hujahesabu makaa yaliyolipasha tanuri hadi nyuzi 1,450. Ukijumlisha jiwe na moto, tani moja ya klinka hutoa takriban kilo 850 za hewa hiyo, na zaidi ya nusu inatoka ndani ya jiwe lenyewe. Hata tanuri likipata moto wa jua mtupu, jiwe litatoa sehemu yake.

Mfuko wetu wenye kilo 32.5 za klinka, basi, umetoa karibu kilo 28. Mifuko milioni 20 imetoa tani 552,500.

Hapo ndipo msitu unapoonekana udogo wake. Tuupendelee: tuseme hekta moja ya miti inayokua vizuri inanasa tani 20 za hewa ya ukaa kwa mwaka, kiwango cha ukarimu. Kuufuta moshi wa mwaka mmoja wa kiwanda hiki kunahitaji hekta 27,625 za miti inayokua. Nchi kavu yote ya Kaunti ya Mombasa ni kama hekta 22,000. Ng'oa nyumba zote, ondoa bandari, funga reli, panda mvinje kuanzia Likoni na Changamwe hadi Shanzu, na bado utaazima shamba Kilifi. Shimo la mwaka, kwa upande wake, lilitupa hekta 4.9 za kupanda.

Tuupigie bei moshi pia. Tutumie dola 50 kwa tani, chini ya viwango ambavyo soko la kaboni la Ulaya limezoea miaka ya karibuni. Kwa dola moja ya shilingi 129, kila mfuko unabeba deni la shilingi 178. Mfuko ukiuzwa shilingi 750, hiyo ni karibu robo ya bei. Kwa mwaka ni shilingi bilioni 3.56.

Basi mizani ni hii: shimo shilingi 1, moshi shilingi 178. Deni linaloonekana, linalopigwa picha, linalopelekewa watoto wa shule, ndilo la shilingi 1. Sisemi kampuni inamdanganya mtu. Shimo lake lilihitaji kutibiwa, na limetibiwa vizuri kuliko mengi. Nasema macho yetu ndiyo yanayosimama kwenye shilingi ya kwanza na kushangilia.

Asilimia ya nini?

Serikali nazo zimejaribu kuliwekea kipimo jambo hili. India, kwa sheria ya makampuni ya 2013, huzitaka kampuni kubwa zitumie kwa jamii asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu. Kenya, kwa sheria ya madini ya 2016, hugawa mrabaha: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya eneo la machimbo. Zote mbili ni hatua, ila tazama zinapima nini. Ya kwanza hupima faida. Mwaka wa hasara fungu linanywea, ilhali tanuri linaendelea kufuka vile vile. Ya pili hupima kilichotoka ardhini. Kilichokwenda angani hakina fungu katika mgawo huo.

Fikiria pia mwenye mali anapobadilika. Desemba 2024 kampuni ya Bamburi ilinunuliwa na Amsons ya Tanzania, kwa shilingi 65 kila hisa, bei iliyoithamini kampuni nzima shilingi bilioni 23.6. Kiwanda chetu cha mfano, kikitozwa moshi kwa bei tuliyoitumia, kingezimaliza bilioni hizo kwa muda usiofika miaka 7. Ndiyo sababu mnunuzi wa kiwanda popote anastahili kuulizwa mapema ana mpango gani na tanuri, kabla ya kuulizwa atachangia madawati mangapi.

Na mipango ipo, tena haihitaji shamba la Kilifi. Tuseme saruji ilikuwa na klinka asilimia 80, meneja wa kiwanda akaishusha hadi 65 kwa kuongeza mawe ya volkano, ambayo Bonde la Ufa limejaaliwa kuwa nayo. Kila mfuko unapunguza kilo 6.4 za hewa ya ukaa. Kwa mifuko milioni 20 ni tani 127,500 kwa mwaka, kazi ambayo ingehitaji hekta 6,375 za msitu wetu wa ukarimu. Uamuzi mmoja wa mchanganyiko, unaofanywa maabara na watu waliovaa makoti meupe, umezidi mashimo yote ambayo kiwanda hicho kingeyachimba na kuyapanda miti kwa miaka 1,000. Mchanganyiko huo haupendezi kwenye picha. Hakuna mkuu wa wilaya atakayealikwa kuuzindua kwa kukata utepe.

Turudi kwa hamali. Ameushusha mfuko kwenye kiwanja, fundi anauchana kwa sepetu, karai la kwanza la mchanga linamwagwa juu yake. Ile karatasi iliyochanika ilikuwa na 50 na 32.5, na ilikuwa na nafasi nyeupe ya kutosha tarakimu ya tatu: 28, kilo za moshi uliotoka kuujaza mfuko. Ichapishwe hapo kila mwaka. Mwakani ikiwa 26, fundi mwenyewe atajua kampuni imelipa kitu. Ikibaki 28, aende Haller Park na watoto wake, alipe kiingilio, afurahie kivuli cha mvinje, na asisahau kuwa kivuli hicho ni shilingi ya kwanza.