Kwa nini wanafungua boksi lako stesheni

Wapambanaji wenzangu, leo siongelei kupata wateja. Naongelea mzigo ukishatoka mkononi mwako. Hapa Mwanjelwa wengi tunatuma kwa basi, ila wenye mizigo mizito au wateja wa Mlimba na Ifakara wanajua TAZARA. Sasa mtu akifika stesheni akaambiwa "fungua tuone", ananuna kabisa. Anaona anacheleweshwa makusudi. Ngoja nieleze hilo la kufungua linatoka wapi.

Reli haina geti. TAZARA kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860, inapita porini, milimani, kwenye mashamba ya watu. Hakuna serikali duniani yenye askari wa kuweka kila hatua. Kwa hiyo ulinzi unabanwa sehemu chache: madaraja, mahandaki, stesheni, na mzigo wenyewe. Huko kwingine ni kiberenge kupita kukagua njia, pamoja na macho ya wanaoishi pembeni.

Na sisi wa ukanda huu tulishaona sehemu moja ikiguswa inakuwaje. Oktoba 1979 makomandoo wa Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, waliingia kaskazini mwa Zambia wakalipua daraja la reli la mto Chambeshi. Wale walikuwa wanajeshi wa serikali, sio kikundi cha kigaidi, ila mbinu ndiyo hiyohiyo. Mabehewa mazima, vichwa vizima, reli imelala vizuri mamia ya kilomita huku na huku, lakini mzigo haupiti. Daraja moja tu! Na reli ya Benguela ya kupitia Angola ilikuwa imefungwa kwa vita tangu 1975. Zambia ikabaki kuegemea njia ya kusini, inayopita kwa haohao waliolipua. Adui yako ndiye anaamua mahindi yako yapite au yasipite. Ukiwa muuza duka wa Kasama hapo unafanyaje?

Siku hizi hata abiria wanalengwa. Tarehe 28 Machi 2022 kule Nigeria, watu wenye silaha walilipua njia ya treni ya Abuja kwenda Kaduna, treni ikasimama, wakaua na kuteka makumi ya watu. Treni haikurudi mpaka Desemba mwaka huohuo, na iliporudi, bila namba ya kitambulisho cha taifa hupati tiketi.

Ila linalotuhusu sisi hasa ni Madrid, Hispania, 11 Machi 2004. Hakuna aliyevamia. Mabomu yaliwekwa kwenye mabegi ya kawaida, yakaachwa ndani ya treni nne za asubuhi, watu zaidi ya 190 wakafa. Si mabegi yote yaliyolipuka. Begi moja ambalo halikulipuka lilikusanywa pamoja na mizigo mingine ya abiria, baadaye polisi wakalifungua wakakuta simu ndani, na hiyo simu ndiyo ikawafikisha kwa wahusika. Yaani begi lisilo na mwenyewe ndiyo silaha, na begi lililofuatiliwa mwenyewe ni nani ndiyo likatoa jibu.

Ndiyo maana Nairobi kwenye SGR abiria wanapanga mabegi chini kwa mstari, mbwa anapita ananusa. Ndiyo maana behewa la mizigo linapigwa lakiri yenye namba. Swali ni lilelile: hiki ni cha nani, na ndani kuna nini?

Sasa wewe muuzaji wa mtandaoni. Andika juu ya boksi jina kamili na namba ya simu, yako na ya mteja, sio "Mama Junior Dar". Andika kilichomo kwa lugha ya kawaida. Usilizungushie gundi boksi zima kama maiti, acha upande mmoja unaofunguka na kufungika. Piga picha kabla hujafunga, hiyo itakusaidia hata mteja akilalamika. Betri, manukato, gesi, sema mapema uulize kama vinapokelewa.

Halafu kuna ile ya mtu usiyemjua kukuomba "niunganishie kifurushi changu kwenye mzigo wako, nitalipa nauli yote". Huyo mkatalie, hata kama hela ni nzuri. Kikikutwa na shida, jina lililoandikwa ni lako. Kama kweli ana haraka, aje akifungue mbele yako na aandikishe jina lake mwenyewe kaunta.

Na wale mnaonunua chuma chakavu na kupost: ukiletewa boliti au vipande vya reli, usinunue. Njia inayolegezwa na mwizi wa chuma inaua abiria vilevile, na wakaguzi wakizoea kukuta boliti zimeng'olewa kila wiki, siku iliyong'olewa kwa nia nyingine hawataitambua. Ukiona boliti zimetoka au boksi limeachwa darajani, usiliguse wala kulipiga picha kwa karibu. Sogea mbali, piga 112, kisha mwambie mtu wa stesheni iliyo jirani.