Figo yenye mishipa miwili: ndugu bado anaweza kuchangia?

Wadau, leo tuongelee figo. Tuseme kaka yako yuko Shishiyu, figo zote mbili zimefeli. Mara tatu kwa wiki lazima afuate mashine ya kusafisha damu mjini, kama masaa manne kila mara, na nauli juu. Wewe umejitolea kumpa figo moja. Damu zinaendana, presha iko poa. Halafu CT-Scan inaonyesha figo yako ya kushoto inaingiza damu kwa mishipa miwili badala ya mmoja. Hapo maneno yanaanza mtaani: kuna mkono wa mtu!

Hamna cha mkono wa mtu. Takriban mtu mmoja kati ya wanne ana figo ya namna hiyo, na wengi wanazeeka bila kujua. Mtoto akiwa tumboni mwa mama, figo zake huanzia chini kwenye nyonga kisha hupanda taratibu. Kila zinapopanda hupata mishipa mipya na ya zamani hufa. Wakati mwingine mmoja wa zamani unagoma kufa, basi.

Sasa kwa nini daktari anakuna kichwa? Wasukuma tunajua majaruba ya mpunga. Hebu fikiria kila jaruba lina mfereji wake na maji hayavuki tuta. Figo iko hivyo hivyo: ukiziba mshipa mmoja, sehemu yake inakufa, mwingine hausaidii. Mbaya zaidi ni ule mshipa mdogo wa chini, maana mara nyingi ndio unaolisha mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu. Ukikatwa ovyo, mrija unaoza na mkojo unavujia tumboni.

Kwa hiyo figo ikitolewa huoshwa kwa maji maalumu ya baridi, ikawekwa kwenye barafu, na hapo mezani daktari anashona ile mishipa miwili iwe na mdomo mmoja, au anapachika mdogo ubavuni mwa mkubwa. Kazi ya uzi mwembamba kuliko unywele, huku saa inakimbia. Zamani wachangiaji wa aina hii walikuwa wanarudishwa nyumbani. Siku hizi timu yenye uzoefu inawapokea.

Hapa Bongo upandikizaji ulianza Muhimbili Novemba 2017 kwa kushirikiana na madaktari wa India, kisha Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018 na Wajapani. Kabla ya hapo ilikuwa ni kupanda ndege kwenda India.

Kwa kawaida wanapenda figo ya kushoto kwa sababu vena yake ni ndefu, rahisi kuunga. Ila yako ya kushoto ikiwa na mishipa miwili na ya kulia mmoja, wanaweza kugeukia ya kulia. Na kuna sheria moja haivunjwi: figo iliyo bora inabaki kwako wewe mchangiaji. Kwa hiyo ukiambiwa mishipa haijakaa kawaida, uliza: iko mingapi, minene kiasi gani, na ya upande wa pili ikoje? Wakisema haiwezekani, bado kuna dada, kuna mjomba, nao wapimwe.