Kozi za Bure za Kiingereza kutoka Vyuo Vikuu vya Asia: Kipi ni Bure, Kipi Hulipiwa

Anayetaka kuimarisha Kiingereza chake leo halazimiki kusafiri wala kulipa ada ya chuo. Vyuo vikuu kadhaa vya Asia hufundisha lugha hiyo kwa njia ya intaneti. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Hong Kong kimeandaa kozi za Kiingereza cha biashara, na Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, kimeandaa kozi ya mazungumzo. Kozi za namna hii hupatikana katika majukwaa ya Coursera na edX, yaliyoanzishwa Marekani mwaka 2012. India nayo ilizindua jukwaa lake la taifa, SWAYAM, mwaka 2017.

Hata hivyo, neno “bure” lina mipaka ambayo mtumiaji anapaswa kuifahamu mapema. Kinachotolewa bure kwa kawaida ni mihadhara na maandishi ya kusoma, cheti hulipiwa. Katika edX, anayesoma bila malipo hupewa muda maalumu, na muda huo ukiisha hufungiwa masomo. Katika Coursera, kozi nyingi hutanguliwa na siku 7 za majaribio. Aliyeandika namba ya kadi yake ya benki asipojiondoa kabla ya siku hizo kwisha, hukatwa ada, na makato huendelea kila mwezi hadi atakapositisha. Katika SWAYAM, kusoma ni bure, lakini cheti hupatikana kwa kufaulu mtihani unaolipiwa, ambao aghalabu hufanyika katika vituo vilivyotengwa nchini India.

Lipo pia suala la thamani ya cheti. Cheti cha kozi fupi si shahada wala stashahada. Vilevile, hakichukui nafasi ya mitihani ya IELTS au TOEFL pale chuo au ubalozi unapoidai. Kwa anayetafuta ujuzi tu, kusoma bila cheti kunatosha.

Kwa sababu hizo, tunamshauri mtumiaji azingatie yafuatayo:

1. Jisajili mwenyewe kwa kuanzia tovuti rasmi ya chuo au ya jukwaa. Usimlipe mtu yeyote “ada ya usajili” kwa kozi iliyo wazi kwa wote.

2. Tafuta chaguo la kusoma bila cheti kabla ya kuandika namba ya kadi. Ukiombwa kadi, soma kwanza masharti ya malipo.

3. Ukikubali majaribio, andika tarehe ya mwisho na ujiondoe kabla haijafika. Tunza ujumbe unaothibitisha kwamba umejiondoa.

4. Kabla ya kulipia cheti, muulize mwajiri au chuo husika iwapo kitakubaliwa.

5. Kadiria gharama ya bando. Mihadhara ya video hula data nyingi. Inaporuhusiwa, ipakue mahali penye Wi-Fi.

Ukikatwa fedha usizoziridhia, wasiliana mara moja na jukwaa hilo kwa maandishi, kisha ijulishe benki yako. Kuchelewa hupunguza uwezekano wa kurejeshewa.